Mpeasi Ulioota Juu ya Ng'ombe wa Kwanza

Ng'ombe wa kwanza niliyeachiwa peke yangu nilimchoma sindano ya homa ya mapafu, kumbe alikuwa amejaa gesi tumboni. Alikufa kabla sijamaliza kufunga mkoba. Nalisema mapema ili msije mkasoma mpaka mwisho mkidhani mnafundishwa na bingwa.

Mimi ni mstaafu. Najua mtacheka, maana sijafika miaka arobaini na mama yangu bado ananiuliza nitaoa lini. Lakini magoti yangu yamestaafu, na katika kazi ya kutibu mifugo huku kwetu Lushoto magoti ndiyo yanayoajiriwa, mengine yote yanafuata tu. Kila nyumba yenye ng'ombe iko juu ya nyumba nyingine au chini yake. Ukiitwa mara mbili kwa siku umepanda mlima mara mbili. Daktari aliyeniangalia magoti aliniambia nichague, ama yeye ama ng'ombe. Siku hizi nauza miche ya matunda katika kipande cha ardhi ambacho nadhani ndicho pekee kilicho tambarare katika kata yetu, na nyinyi mliopokea kazi mnanipigia simu mkiwa mmesimama zizini, mnaniuliza swali lilelile moja: ng'ombe anahema, ni kifua au ni tumbo?

Nimeona niliandike jibu ili nipumzike na simu.

Sikusoma chuo. Nilianza kwa kumbebea mkoba afisa mifugo wa kata, mtu mmoja mwenye vijiji vingi na pikipiki yenye mapenzi yake. Yeye akitibu, mimi naangalia. Jioni nasoma vipeperushi vyake mpaka karatasi zinalegea. Baadaye nikaanza kuangalia video kwenye simu, za ng'ombe wa nchi za watu, wanene, wamesimama kwenye uwanda kama meza. Nikawa najua mambo mengi sana na sina uhakika na hata moja. Hiyo ndiyo tabia yangu, mnijue. Mtu mwingine akijifunza jambo anatulia. Mimi nikijifunza jambo napata njia mpya ya kukosea.

Kwa mfano, nilisoma kwamba vifaa vichemshwe. Nikachemsha kila kitu. Nilichemsha sindano, nikachemsha mikasi, nikachemsha kamba ya kufungia ng'ombe miguu. Siku moja nikachemsha na kipimajoto, kile cha kioo, kikapasuka ndani ya sufuria ya mama, naye akakataa kupikia sufuria ile tena. Ndiyo ninayopandia miche ya miparachichi mpaka leo. Kwa hiyo jueni kwanza hilo: kipimajoto kinaoshwa, kinafutwa kwa dawa, hakichemshwi.

Sasa ng'ombe yule wa kwanza. Alikuwa wa Mama Rehema, mama wa kijijini kwetu anayelima kabichi na karoti kwenye matuta yaliyo chini ya msitu. Afisa alikuwa ameshuka Mombo kupokea chanjo. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umekaa mpaka mlangoni, baridi ya kukunja vidole. Nikamkuta ng'ombe amenyoosha shingo, mdomo wazi, ulimi nje, anahema kama aliyekimbizwa. Mimi nikawaza: baridi, ukungu, kuhema. Kifua hicho. Nikavuta dawa, nikachoma shingoni, nikajisikia fundi.

Mzee Singano akatokea. Huyu ndiye mchinjaji wa kijiji, Mwislamu safi, na kwetu akichinja yeye wanakula wote, wa msikitini na wa Kilutheri. Ng'ombe akionekana hatapona, anaitwa yeye haraka kabla roho haijatoka, maana akishakufa mwenyewe ni kibudu na hakuna anayekula kibudu. Majirani nao wanapata habari kwa njia zao, wanakuja na sufuria. Hakuna ubaya ndani yake. Mwenye ng'ombe anaokoa kitu, na jirani anapata kitoweo.

Mzee Singano hakumtazama ng'ombe. Alinitazama mimi.

"Umeshamchoma?"

"Shikamoo mzee. Ndiyo, nimeshamchoma."

"Marahaba. Basi huyu si wangu tena," akasema, akarudisha kisu kwenye ala yake. "Nyama yenye dawa hailiwi. Huyu ni wa shimo."

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho hakimo kwenye kipeperushi chochote. Sindano kwetu si dawa tu. Ni hukumu. Kabla hujachoma, mwenye ng'ombe ana njia mbili: apone, au achinjwe. Ukishachoma umemwachia njia moja. Na kama ugonjwa wenyewe sio uliouchomea, umemnyang'anya zote.

Afisa aliporudi alihakikisha kwanza kwamba si kimeta. Hilo mlishike: ng'ombe akifa ghafla amevimba, msimfungue bila afisa, kimeta hakina utani. Alipotoa ruhusa, Mzee Singano akamfungua pale pale kando ya shimo ili mimi nione. Mapafu yalikuwa safi, ya waridi, laini kama sifongo ambalo halijatumika. Tumbo kubwa lilikuwa limejaa kama godoro lililopulizwa, na ndani yake majani ya kabichi yenye umande, yale ya nje ambayo wachuuzi wanayabandua kabla ya kupakia lori. Alipewa lundo zima alfajiri.

"Angalia vizuri," Mzee Singano akaniambia. "Kifua hakina nafasi. Tumbo limepanda juu limekalia mapafu. Hata wewe nikikukalia utahema."

Mama Rehema hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alimfukia ng'ombe wake, wiki iliyofuata akapanda mche wa mpeasi juu ya shimo lile, akaukanyagia udongo kwa miguu yote miwili. "Shimo zuri halitupwi," akasema.

Kijiji kikanipa jina: Daktari wa Shimo. Na nyumba ya Mama Rehema, iliyozoea maziwa, ikaanza kunywa chai ya rangi. Nasema hivyo kwa sababu kila nilipopita pale nilikaribishwa, kwa heshima zote, nikawekewa kikombe cha chai ya rangi, na yeye akakaa mbele yangu akinitazama mpaka nikimalize. Hakuna somo la chuo linaloweza kushindana na kikombe kile.

Baada ya hapo nilikuwa naogopa kila ng'ombe anayehema, na huku milimani ng'ombe wote wanahema. Hilo ndilo la kwanza kuliondoa kichwani. Kama ng'ombe amepandishwa tuta sasa hivi, mwacheni asimame. Na nyinyi pia simameni. Nilishawahi kufika kwa mtu nimekimbia kutoka bondeni, nikaanza kuhesabu pumzi za ng'ombe, nikapata hesabu ya kutisha, mwenye ng'ombe akaniambia taratibu, "Dokta, hizo ni zako." Kaa kwenye jiwe kwanza, omba maji ya kunywa, uliza habari za watoto. Ukishaacha kuhema ndipo umtazame anayehema.

Pili, mteremko. Ng'ombe wa kwenye video anasimama sawa, kwa hiyo tumbo lake linaonekana lilivyo. Wa kwetu anasimama upande mmoja juu, mwingine chini, na matumbo yote yanaangukia chini. Nimewahi kumtibu gesi ng'ombe ambaye alikuwa mzima kabisa. Nilipomgeuza aelekee upande mwingine ule uvimbe ukahamia upande mwingine. Mtafutieni mahali pa sawa, hata kama ni uani kwa mwenye nyumba, hata kama mwenye nyumba amefagia. Halafu simameni nyuma yake mtazame kile kibonde cha kushoto, nyuma ya mbavu za mwisho na mbele ya nyonga. Kikiwa kibonde, sawa. Kikiwa kimejaa, na ukikigonga kwa vidole kinalia kama ngoma, tumbo hilo, hata kama mdomo uko wazi na ulimi uko nje.

Tatu, baridi. Asubuhi za huku kwetu Shume kila pua inatoka maji, ya ng'ombe na ya mwalimu mkuu. Kamasi jepesi la asubuhi si ushahidi. Homa ya mapafu haiji kwa ghafla kama mgeni wa harusi. Inakaa siku kadhaa: ng'ombe ananyong'onyea, masikio yanalala, anakohoa, kamasi linakuwa zito, na joto linapanda. Wa gesi jana jioni alikuwa mzima, leo baada ya kula anajigeuza kutazama ubavu wake na kulipiga tumbo kwa mguu, kama mtu anayemlaumu mtu. Kipimajoto kitakuambia ukweli kama utakiacha kikae muda wake. Mimi nilikuwa nakitoa kila mara kuangalia kama kimekaa vizuri.

Na lile swali kubwa kuliko yote, umekula nini, sikulipata kwa ng'ombe. Nililipata zahanati, nikiwa mgonjwa mimi.

Kulikuwa na msimu nilikuwa na hofu hata silali. Siku moja kifua kikanibana. Nikasema tayari, homa ya mapafu, nimeambukizwa na ng'ombe, nakufa na jina langu baya. Nikajifunga blanketi, nikafika zahanati nikiwa nimeshajipima joto mara nyingi na kujiandikia dawa kichwani. Muuguzi aliyekuwa zamu, dada mmoja mpole mwenye macho ya kuchoka, alinisikiliza kifua mbele na nyuma, akanipima presha na joto, akaniita ndani kwa mganga, naye akarudia yote. Kisha yule dada akaniuliza, "Umekula nini tangu jana?"

Nikamwambia. Maharage usiku. Maharage asubuhi yaliyobaki. Na kabichi.

"Na umelala saa ngapi?"

"Sijalala."

"Basi kifua chako kizima. Kilichokubana kimetoka chini." Akanipa maelekezo, akaniambia nirudi mara moja kama maumivu yatarudi, maana kifua cha mtu hakikisiwi nyumbani. Halafu akaongeza, "Wewe si ndiye unayetibu ng'ombe? Wao huwa unawauliza wamekula nini?"

Nilikuwa siwaulizi. Nilitoka pale nimeona aibu, nimepona, na nimeelimika, yote kwa wakati mmoja, na njiani nikabeua kwa nguvu hata mbwa wa watu akaamka.

Tangu hapo nikawa mtu wa maswali. Amekula nini, lini, kikiwa kibichi au kimenyauka, kimeloa au kikavu. Majani ya guatemala yanayoota kwenye kingo za matuta hayana neno. Kabichi yenye umande, majani ya maharage mabichi, majani ya viazi vitamu yaliyokatwa asubuhi, hayo yanyausheni kwanza, na ng'ombe ale kitu kikavu kabla yake. Nikawa nawatuliza wa gesi kwa mafuta ya kula, kijiti kinafungwa mdomoni kama hatamu ili atafune na kutoa mate, anasimamishwa miguu ya mbele juu, na hapo mlima wetu unakuwa na faida. Lakini mafuta yenyewe mnyweshe taratibu, kichwa kisiinuliwe sana, na akikohoa acheni mara moja. Mkiyamimina yakaenda njia ya hewa mtakuwa mmemtibu tumbo na kumpa kifua. Niulizeni najuaje. Bora msiniulize.

Miaka ikapita. Mpeasi wa Mama Rehema ukakua kuliko mipeasi yote ya kijiji, na wote tulijua kwa nini. Watu walikuwa wakila mapeasi yake wananitazama, "Dokta, karibu, onja dawa yako." Na Mama Rehema, baada ya kukaa muda mrefu bila mfugo, akapewa ndama jike na kaka yake wa Kwamkoro. Akamlea mwenyewe. Akamwita Tulia, jina ambalo ng'ombe yule hakulitii hata siku moja. Tulia akawa mtamba, akapata mimba, na ikabaki kidogo azae. Kila nilipopita nilimwona Mama Rehema anampapasa kiwele kinavyojaa. Chai ilikuwa bado ya rangi, lakini sasa alikuwa anainywa kama mtu anayesubiri.

Hapo ndipo simu ikaja.

"Tulia anakohoa," akasema. "Anatoa povu. Njoo."

Afisa alikuwa mbali, upande wa pili wa mlima. Nikampigia, akaniambia nianze uchunguzi, yeye anakuja, na nisifanye jambo kwa papara. Nikapanda. Nilipofika nikakuta majirani wameshafika na sufuria zao, na Mzee Singano yuko kwenye gogo, ameweka kisu gotini, hanoi, anakipapasa tu.

"Daktari wa Shimo amefika," mmoja akasema.

"Msimwite hivyo leo," mwingine akasema. "Mpeni nafasi. Mama Rehema, mimi uniwekee maini."

"Maini unayo yako," Mama Rehema akamjibu bila kugeuka.

Nikatoa shikamoo kwa wote waliostahili, na walikuwa wengi. Nikakaa kwenye jiwe. Wakashangaa. "Amekuja kupumzika," nikasikia. Nikaomba maji, nikanywa, nikangoja moyo wangu ushuke. Kisha nikasimama kumtazama Tulia, na kila kitu nilichokuwa nakijua kikanitoroka.

Alikuwa anakohoa, kikohozi kweli, cha kushtuka. Kifua. Pua zote mbili zinatoka uchafu mzito wenye povu. Kifua. Amenyoosha shingo, anahema. Kifua. Lakini kibonde cha kushoto kilikuwa kimeanza kujaa, na nilipokigonga kikalia. Tumbo. Alikuwa mzima jana jioni. Tumbo. Majirani nao wakawa wamegawanyika kama wabunge.

"Sikiliza kikohozi hicho. Choma sindano."

"Kifua gani chenye tumbo la namna ile? Mpe mafuta."

"Mpeni vyote viwili."

"Mpeni Mzee Singano."

Mzee Singano akasema kwa upole, "Mimi sina haraka. Ila ng'ombe ana yake."

Mama Rehema akaja mbele yangu. Alikuwa amefunga kanga kiunoni kwa nguvu, mkono mmoja kwenye pembe ya Tulia.

"Kifua au tumbo?" akaniuliza. "Nisemee moja, baba. Ukisema kifua, choma, nitajua nyama sina na namngojea Mungu. Ukisema tumbo, tibu tumbo. Ukisema hujui, mzee yuko hapa na mimi nitaomba radhi kwa ndama aliye ndani. Lakini usinichome sindano ya kujaribia. Ya kujaribia ulishanichoma."

Nikatafuta kipimajoto mkobani. Nikakiweka nyuma kwa Tulia. Nikakiacha. Wadogo zangu, sijawahi kungoja kitu kama nilivyongoja pale. Kidole changu kilikuwa kinataka kukitoa, nami nikakifunga kidole kwa mkono mwingine. Nilipokitoa, joto lilikuwa la kawaida kabisa.

"Hana homa," nikasema.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo bado. Amekula nini?"

"Guatemala. Kavu, ya jana. Kabichi simpi tangu yule," akasema, na kidevu chake kikaelekea kwenye mpeasi, nami kwa mazoea ya miaka nikageuza macho nitazame kosa langu.

Mpeasi ulikuwa umebeba. Chini yake, upande wa nyumbani, palikuwa pamefagiliwa safi. Upande wa zizini mapeasi mabichi, yale magumu madogo yanayoangushwa na upepo, yalikuwa yametapakaa kwenye nyasi. Ila karibu kabisa na zizi palikuwa na kipande hakina hata moja.

"Kamba ya Tulia," nikauliza, "inafika wapi?"

Mama Rehema akaifuata kamba kwa macho mpaka kwenye kipande kile kitupu. Mzee Singano akainuka kwenye gogo.

Nikavaa glovu. Hilo pia msilisahau: udenda mwingi unaweza kuwa wa kichaa cha mbwa, na mkono hauingizwi mdomoni hivi hivi. Nikaanzia chini ya taya, upande wa kushoto wa shingo, nikashuka polepole kwa vidole, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Katikati ya shingo nikakutana nalo. Gumu, la mviringo, la ukubwa wa ngumi ya mtoto. Tulia akakohoa tena nikaona kwa nini: lilikuwa limebana njia ya chakula, mate hayana pa kwenda yanarudi puani, yanamwasha koo anakohoa, na gesi ya tumboni haina pa kutokea inajaza tumbo. Hakikuwa kifua. Tumbo nalo halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la peasi.

"Koo," nikasema. Sauti ilitoka ndogo. Nikarudia, "Ni koo. Amekabwa."

"Na nani?" akauliza yule mwenye maini.

Nikaunyooshea mpeasi kidole.

Walicheka wote kwa pamoja, hata Mama Rehema mdomo ulimcheza, lakini tumbo la Tulia lilikuwa linaendelea kujaa na kicheko hakikukaa. Nilikuwa na chuma cha kutobolea tumbo ndani ya mkoba, kwa ajili ya kutolea gesi kama hali ingekuwa mbaya kabisa, na afisa alikuwa bado njiani. Nikamwambia Mzee Singano, "Mzee, nakuomba. Koo la ng'ombe unalijua kuliko mimi."

"Nalijua kwa nje na kwa ndani," akasema, "ila sijawahi kulishika ili mwenyewe apone." Akakiweka kisu juu ya gogo. Mimi nikampa glovu.

Alishika kichwa, akakilaza akakinyoosha, kipande cha mti kati ya meno ya pembeni. Mimi nikaweka vidole vyangu nyuma ya peasi, pande zote mbili, nikasukuma kuelekea juu. Halikwenda. Nikasukuma tena. Usilazimishe, unaweza kuchana koo. Unasukuma, unaacha ameze mate, unasukuma. Mama Rehema alikuwa anamsemesha Tulia kwa Kishambaa, maneno ya kumbembeleza mtoto. Kitu kikateleza chini ya vidole vyangu, kidogo, halafu kingi.

"Liko hapa," Mzee Singano akasema, mkono wake ukiwa mdomoni hadi kifundo. "Liko hapa, liko hapa. Njoo, mtoto."

Akatoa mkono. Peasi lilikuwa kiganjani, la kijani, zima, limeng'aa kwa mate.

Na Tulia akabeua. Ilikuwa pumzi ndefu ya uvundo iliyokuja yote usoni kwangu, ya joto, yenye harufu ya guatemala ya jana, nami nikasimama pale pale nikaipokea kama mtu anayepokea cheti. Kibonde cha kushoto kikaanza kushuka tunakiangalia. Akapepesa masikio, akanusa kiganja cha Mzee Singano, akataka kulirudisha lile peasi mdomoni.

"Huyu hana akili," Mzee Singano akasema.

Majirani wakatazamana na sufuria zao. Yule wa maini akauliza, kwa adabu, "Basi nyama hakuna?"

Mama Rehema akachukua sufuria yake, akaenda chini ya mpeasi, akaijaza mapeasi yaliyoiva akamrudishia. Akafanya hivyo kwa kila mmoja. Wakashuka na njia, sufuria zimejaa, wanabishana ni nani alikuwa wa kwanza kusema si kifua. Afisa alipofika alimkuta Tulia anacheua. Akamchunguza kila mahali, akaridhika, akala peasi.

Kuna mambo ambayo hayakubadilika. Bado nina hofu, na nikiandika haya nimerudia kila aya nikitafuta nilichosahau. Bado kuna wazee wanaoniita Daktari wa Shimo, nami naitika.

Yaliyobadilika ni haya. Mpeasi umezungushiwa uzio wa mabanzi ya msonobari, na kamba ya ng'ombe haifiki. Sikuchoma tena sindano mpaka nilipostaafu bila kwanza kukaa kwenye jiwe, kuuliza kilicholiwa, kupitisha mkono shingoni, kugonga ubavu na kusubiri kipimajoto. Tulia alizaa ndama jike. Na kwa Mama Rehema chai ni ya maziwa.